Kornelia na Mbwa Wake wa Kamba

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa kama asubuhi nyingine, Kornelia aliamka kabla yangu. Nilisikia anapuliza moto. Nilisikia anaongea na mbwa.

"Subirini. Nimesema subirini. Kwani mmezaliwa na haraka?"

Mimi nikabaki kitandani kidogo. Kiuno kilikuwa kinauma.

Ulikuwa msimu wa korosho. Mabibo yalikuwa yananuka Nachingwea nzima, hata ndani ya nyumba. Nilipotoka alinipa uji na muhogo wa kuchemsha. Akajaza maji ndoo ya mlangoni. Akawafunga mbwa kamba zao. Yule jike, Korosho, akakubali. Yule dume, Watasema, akaingia chini ya kitanda kama kila siku, na kama kila siku Kornelia akapiga magoti akamvuta mguu.

"Baba Alfred, leo unaenda shamba?"

"Naenda."

"Chukua kofia. Jana umerudi umekuwa mkaa."

"Mkaa nilikuwa toka zamani."

"Basi umezidi."

Akatoka. Nilimwona mgongo, mbwa mmoja anavuta kulia, mwingine anavuta kushoto, yeye katikati mikono imenyooka kama mtu anayepima kitambaa. Nikachukua kofia nikaenda zangu shamba. Jioni tukala, tukalala. Kesho yake akaanguka njiani, na baada ya siku chache akafa.

Tumemzika kwao Nambilanje, wilaya ya Ruangwa, pembeni ya mama yake.

Mazikoni alikuja jirani yetu Ashura. Ashura ni Myao, Kornelia ni Mmwera, kwa hiyo ni watani, na mtani msibani ana kazi yake, kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Baada ya kaburi kufukiwa, Ashura akachukua kamba, akawafunga kiunoni vijana wawili wa ukoo, akaanza kuzunguka nao kaburi. Anatembea kama Kornelia, ameinamisha bega moja. Anaita kwa sauti ya Kornelia: "Watasema! Toka kwenye miguu ya watu! Korosho, rudisha ndala ya mtoto, hiyo si nyama!"

Watu wakacheka. Wale vijana wakabweka. Watu wakacheka zaidi. Halafu Ashura akasimama, kamba ikamtoka mkononi, akakaa chini kwenye udongo akalia. Mtani halii. Yeye alilia.

Sasa watu wa Nambilanje wakaniuliza. Wao walimjua Kornelia akiwa msichana, na baadaye kama mgeni wa misiba na harusi tu. "Shemeji, huyo mbwa wa kamba ni nini? Na huyo mtoto wa ndala ni wa nani?" Siku ile sikuweza kujibu. Najibu sasa.

Kornelia nilimwoa Nambilanje nikamleta Nachingwea mjini, nilipokuwa nabeba magunia kwenye ghala la korosho. Tulipata mtoto mmoja, Alfred. Akafa kwa homa kabla hajaanza shule. Baada yake hakuja mwingine. Majina yakabaki, yeye Mama Alfred, mimi Baba Alfred. Watu wageni mtaani walikuwa wanamwuliza, "Alfred yuko Dar?" Anajibu, "Yuko mbali." Basi.

Alifanya kazi ya kupika na kufua kwa mama mmoja daktari, mzungu, aliyekaa kwenye zile nyumba za zamani za wazungu waliokuja kulima karanga wakati wa ukoloni. Yule mama alikuwa na mbwa wawili wadogo. Sijaona mbwa wa namna ile. Mgongo mrefu, miguu mifupi, nywele zimefunika macho. Ukiwaona kwa mbali huoni miguu. Unaona nywele zinatembea. Yule mama alipozeeka akarudi kwao, mbwa hakuweza kwenda nao. Akawauliza watu. Mlinzi akakataa, mtu wa bustani akakataa. Kornelia akawaleta nyumbani ndani ya tenga la kuku.

Nikamwambia, "Mama Alfred, hawa watalinda nini? Mwizi atawakanyaga bila kujua."

Akasema, "Si wa kulinda."

"Ni wa nini?"

"Wa kukaa."

Majina yao ya kizungu yalikuwa magumu. Akampa yule jike jina Korosho, kwa sababu ya rangi. Dume akamwita Watasema, maana alijua majirani watasema.

Na kweli walisema. Mbwa wa kwetu hutembea mwenyewe, akitaka kurudi anarudi. Hawa walizoea kutembezwa kwa kamba asubuhi na jioni. Wasipotembezwa wanalia kama watoto wachanga, halafu wanakojoa ndani. Kornelia akachana kanga ya zamani, akasuka kamba mbili, akatoka nao.

Siku ya kwanza watoto wa mtaa walikimbia wote. Mmoja alipanda juu ya toroli la maji. Siku ya pili walimfuata kwa mbali. Siku ya tatu nyuma yake ulikuwa msafara.

"Bibi, mbwa anafungwa kamba kama mbuzi?"

"Ndiyo."

"Atachinjwa?"

"Nikuchinje wewe kwanza."

Wanacheka mpaka wanaanguka. Pale kijiwe cha bodaboda vijana nao hawakumwacha.

"Bibi, hao wanatumia betri?"

"Bibi, washa taa! Hawaoni mbele hao!"

Yeye anawajibu hapo hapo bila kusimama. "Wewe nywele zako umezipaka dawa, wao zao ni za Mungu." Watasema naye anainua mguu kwenye tairi la pikipiki. Vijana wanapiga kelele, mwenye pikipiki anaruka, watoto wanashangilia kama timu imefunga bao.

Kila siku palikuwa na jambo. Mbwa wamemzunguka mama wa vitumbua, kamba imemfunga miguu, hawezi kwenda mbele wala nyuma, vitumbua viko juu ya kichwa. Mbwa ameiba ndala ya mtoto, watoto wote wanamkimbiza, mwenye ndala anarukaruka kwa mguu mmoja. Mbwa amemfuata kuku, kuku ameingia ndani ya nyumba ya watu, mbwa nao, watoto nao, na humo ndani mtu alikuwa anaoga kwenye beseni.

Na ile haja kubwa ya mbwa. Kornelia alikuwa anatembea na jembe dogo na kopo la majivu, hakutaka kuchafua njia ya watu. Ikaja kuwa watoto wanapigania lile jembe.

"Leo zamu yangu kufukia!"

"Muongo, wewe umefukia jana!"

"Jana ilikuwa ya Korosho. Ya Watasema sijafukia!"

Nimekula chumvi nyingi, sijaona pengine watoto wanapigania kazi hiyo.

Sasa mtaa wetu Waislamu ndio wengi, na watoto wengi ni wa chuo, wanaenda kusoma Kurani asubuhi kabla ya shule na tena jioni. Mate ya mbwa kwao ni najisi. Akikulamba unaosha mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Ashura ndiye aliyekuja kusema. Mjukuu wake Masoudi alikuwa wa kwanza kwenye msafara.

Akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mmwera wee! Panya wa kula mmewamaliza porini, sasa mmeingia kwenye mbwa! Mjukuu wangu anarudi nyumbani ananuka mate, mimi nimshike vipi?"

Kornelia akamwambia, "Kaa kwanza, Myao, upunguze ngoma zenu za jando kichwani. Nieleze mnaoshaje."

Ashura akaeleza. Kesho yake Kornelia akaweka ndoo ya maji mlangoni, na kata, na bakuli la udongo safi aliouchekecha kwa chekecheo la unga. Nilimuuliza tutachekechea nini unga. Aliendelea kuchekecha. Kila mtoto wa chuo akirudi kutoka kutembea anasimama kwenye mstari, Kornelia anamwagia maji, wote wanahesabu kwa sauti. Moja! Mbili! Wakikosea hesabu wanaanza upya, na walikuwa wanakosea makusudi kwa sababu ya joto. Maji ya kununua.

Kati ya watoto wachache wa Kikristo kulikuwa na mmoja, Teddy, mdogo sana. Naye akaingia kwenye mstari.

Masoudi akamwambia, "Wewe Mkristo, toka. Wewe ukilambwa haina neno."

Teddy akalia. "Na mimi amenilamba! Hapa! Na hapa!"

Kornelia akamwosha naye mara saba, na udongo wake. Teddy akaenda nyumbani ametulia.

Hivyo ndivyo ua wetu ulivyokuwa. Jioni unaingia huoni pa kukanyaga. Watoto, mbwa, maji, udongo, ndala zisizo na wenyewe. Kornelia amekaa kwenye kigoda katikati anagombeza. Mimi napita pembeni nakwenda kulala. Miaka mingi ua ule ulikuwa kimya, nilisikia mpaka mjusi akitembea kwenye bati. Sikusema kitu juu ya mbwa tena.

Ndipo ikaja siku ya Maulidi.

Watoto wa chuo walikuwa wanapita mtaani kwa maandamano, wavulana kanzu nyeupe na kofia, wasichana mitandio mipya, dufu zinapigwa. Mbele yuko mwalimu wao, Ustadhi Swalehe. Kijana mpole, mwembamba. Siku hiyo alikuwa na wageni, masheikh kutoka Ruangwa, wamesimama pembeni wanatazama watoto wake. Kornelia alikuwa amewafungia mbwa ndani. Lakini walisikia sauti za watoto. Wale mbwa walikuwa wanazijua zile sauti. Watasema akachimba chini ya mlango wa bati, akatoka, na Korosho nyuma yake.

Hawakuja moja kwa moja. Walipitia kwanza bombani, pale maji yanapomwagika siku zote, wakalala humo, halafu wakajigaragaza kwenye vumbi. Wakafika kwenye maandamano wamekuwa wekundu kama matofali mabichi.

Watoto wangenyamaza tu, mbwa wangepita. Lakini mmoja akasema, "Watasema huyo!" Basi ikawa imekwisha. Mstari wote ukavunjika. "Mshike! Korosho, njoo! Mshike asiende barabarani!" Dufu likaanguka. Mtoto wa dufu akaanguka juu yake. Masoudi, anayejifanya mkubwa wao, akajitupa chini akamkumbatia Watasema kwa mikono miwili, na mbwa yule kwa furaha akamlamba uso, kofia, kifua, kanzu yote.

Watu walicheka njia nzima. Hata sheikh mmoja nilimwona ameshika mdomo. Ustadhi Swalehe hakucheka. Alisimama na kitabu chake mkononi, peke yake, mbele ya mstari ambao haupo.

Baada ya siku mbili akaja kwetu.

"Hodi hapa. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, Ustadhi, ingia."

"Hapa hapa panatosha." Akamgeukia Kornelia. "Mama Alfred, wewe ni jirani mwema. Ndoo yako hiyo naijua, watoto wameniambia. Lakini wazazi wamenikabidhi watoto, na wamekuja kwangu mmoja mmoja. Nimewaambia watoto wasije tena hapa."

"Wote?"

"Wa chuo wote."

"Hata kusalimia?"

"Wakija kusalimia watashika mbwa, Mama. Unawajua."

Alikuwa anawajua. Akasema, "Nimesikia, Ustadhi." Akamletea maji ya kunywa kwenye kikombe kipya, akayashika mwenyewe mpaka pale nje. Ustadhi akanywa, akashukuru, akaondoka.

Ua ukarudi kimya. Watoto wa Kikristo nao wakapungua, maana mchezo wa watu watatu si mchezo. Teddy alikuja mara kadhaa, akakaa, akaangalia huku na huku, akaondoka.

Nikamwambia Kornelia, "Mdogo wangu yuko Nanganga, ana shamba kubwa. Tuwapeleke mbwa kule. Watoto watarudi."

Akasema, "Watarudi kufanya nini? Kuniangalia mimi?"

Nikachukua jembe nikaenda zangu shamba.

Akawa hana raha. Siku moja akaenda kwa Ashura akaomba ile kanzu ya Masoudi aifue. Ashura akamwambia imeshafuliwa. Kornelia akang'ang'ania, "Nipe niifue mimi. Mbwa ni wangu." Akapewa. Masoudi kanzu yake ilikuwa hiyo moja.

Aliifua asubuhi nzima. Mara saba, na mara moja kwa udongo, kama alivyofundishwa. Sasa udongo wetu wa Nachingwea ni mwekundu. Mkono wa mtoto ukiusugua kwa udongo ule, maji yanaondoa. Kanzu nyeupe si mkono. Na Kornelia hakutia kidogo. Alitia bakuli zima, akasugua kwa nguvu zake zote, mtu asije akasema Mkristo amepunja.

Ilipokauka kwenye kamba nikaiona. Nikaingia ndani.

Akaikunja akampelekea Ashura, nami nikamfuata nyuma. Ashura akaikunjua, akaiinua juu. "Mmwera wee! Nimekupa kanzu umenirudishia tofali!" Akafungua mdomo acheke, maana ndiyo haki yake. Kornelia alikuwa ameshakaa chini kizingitini.

"Nimeharibu, Ashura. Nilitaka irudi safi kuliko ilivyokuwa."

Ashura akaacha kucheka. Akaiweka kanzu mapajani, akakaa naye hapo kizingitini. Walikaa mpaka nikachoka kusimama.

Masoudi akaivaa hivyo hivyo. Wenzake wakampa jina Tofali. Ashura alitusimulia kwamba Ustadhi alimwuliza mbele ya chuo, "Kanzu hii imekuwaje?" Mtoto akasema, "Bibi ameiosha mara saba, Ustadhi, na udongo." Ustadhi akaushika mkono wa kanzu, akaugeuza, akautazama ndani na nje. Akasema, "Kaa, soma."

Kornelia akangoja. Kila asubuhi alijaza ndoo ya mlangoni, akachekecha udongo. Jioni ndoo imejaa vile vile, maji anamwagia mchicha. Akatoka na mbwa kwa njia ile ile, kijiweni, bombani, chuoni. Vijana wa bodaboda wakaona hacheki, wakaacha utani, wakawa wanamwamkia tu. Akipita chuoni mbwa wanasimama, wanavuta kamba kuelekea dirishani. Ndani watoto wanasoma kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Aliniambia hivyo. "Wanapaza sauti nijue wapo." Jambo hilo ndilo lililokuwa linamtoa nyumbani asubuhi.

Nilimwambia, "Mama Alfred, utajichosha." Alikuwa na presha, dawa anameza akikumbuka.

"Nichoke nifanye nini nyumbani?"

Nimeshasema asubuhi ile ya mwisho ilivyokuwa. Kesho yake alitoka tena. Mimi niko shamba naokota korosho.

Alianguka mbele ya chuo. Kamba alikuwa amezifunga kwenye mkono, kwa hiyo mbwa hawakuweza kumwacha. Wakabweka. Watoto wakasikia, na wanaijua sauti ya Watasema akicheza na sauti yake akilia. Hawakuomba ruhusa. Wakatoka mlangoni, wengine dirishani. Masoudi akafungua kamba mkononi kwa bibi. Ustadhi Swalehe akaja mbio, akamnyanyua Kornelia, na Kornelia hakuwa mwepesi. Mbwa wanamrukia, wanamlamba mikono, miguu, kanzu. Hakuwafukuza. Akapanda bodaboda amemshika Kornelia mbele yake, kijana wa pikipiki akawapeleka hospitali taratibu, na nyuma watoto wanakimbia, na mbwa wanakimbia, mpaka vumbi likawaficha. Yule kijana ndiye aliyenifuata shamba, akanisimulia njiani.

Nilipofika hospitali nikamkuta Ustadhi nje ya wodi, kwenye benchi. Kanzu ina nywele za mbwa na mate yamekauka na vumbi. Nikamwambia, "Ustadhi, nenda ukaoge. Umeshasaidia."

Akasema, "Ingia ndani kwanza, mzee. Mimi nipo."

Adhana ya adhuhuri iliposikika nilimwona akienda bombani na udongo kiganjani. Alijiosha muda mrefu. Akaazima shuka kwa mtu aliyekuja kuuguza, akasali nalo kwenye veranda. Akarudi kwenye benchi.

Upande wa kulia wa Kornelia ulikuwa umelala. Mdomo umekwenda pembeni. Maneno yanatoka polepole, lakini yanatoka, na akili yake ilikuwepo yote. Akaniuliza mbwa wako wapi. Nikamwambia wako kwa Ashura. Akanitazama kwa lile jicho zima.

"Ashura? Ndani kwake?"

"Uani. Amewafunga kwenye nguzo ya jiko."

Akacheka upande mmoja.

Siku ya pili muuguzi alikuja kuniuliza mambo ya mgonjwa. Binti mwenye adabu. Akauliza, "Babu, bibi ana watoto wangapi? Tunataka mtu wa kukaa naye, wewe umechoka."

Nikasema, "Hatuna. Alikuwepo mmoja."

Kornelia alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala. Chozi likatoka kwa lile jicho la kushoto, likaingia sikioni. Nikalifuta kwa ncha ya kanga yake. Katika maisha yetu yote juu ya jambo hilo hatukuwa na maneno.

Jioni, saa ya kuwaona wagonjwa, nikasikia kelele getini. Kwanza sauti ya mlinzi. "Rudini! Watoto hawaingii wodini! Na hao ni nini? Mbwa? Jamani, mbwa hospitali!" Halafu sauti nyingi ndogo kwa pamoja. Halafu kubweka.

Dirisha lilikuwa karibu na kitanda. Nikachungulia. Ustadhi Swalehe alikuwa amesimama mbele, kanzu safi, na nyuma yake amewapanga watoto wa chuo mstari mmoja, wakubwa nyuma, wadogo mbele, kama siku ya Maulidi. Teddy naye ndani ya mstari. Masoudi amevaa kanzu yake ya tofali, ameshika kamba mbili, na kamba zimeshamzunguka miguu. Ashura yuko mwishoni na chungu cha uji, anamkaripia Korosho aliyekuwa ananusa chungu. Ustadhi alikuwa anamwambia mlinzi kwa upole kwamba yeye ndiye aliyewaleta, na kwamba wamekuja kumwona bibi yao.

Nikamweleza Kornelia ninachokiona. Nilimweleza kila mtu na alipo. Akasikiliza. Mkono wake wa kushoto ukanishika kifundo, ukakaza.

Mlinzi akaingia wodini amechanganyikiwa, ameshika kofia yake. Yule muuguzi alikuwa kitanda cha jirani, akageuka kusikiliza.

"Mzee, samahani. Pale nje kuna watoto kama shule nzima, na shehe, na vijibwa viwili vya manywele. Wanasema wanamtaka mgonjwa wa kitanda hiki. Mimi kazi yangu ni geti, nitaulizwa. Hawa wote ni wa nani?"

Nilifungua mdomo nijibu. Kornelia alinitangulia. Alisema taratibu, neno moja moja, kwa ule mdomo wa upande mmoja, na muuguzi alisikia, na mlinzi alisikia, na mimi nayaandika kama alivyoyasema:

"Wa kwangu. Wote hao ni wa kwangu, mpaka wale wenye mikia. Fungua geti, baba."